Nyota ya Matete: Mafunzo Niliyopata Nikiijenga Upya Krismasi ya Nakawa

Nyumba niliyojifunzia Krismasi haipo tena. Ilikuwa chumba na sebule katika mtaa wa wafanyakazi wa Nakawa, Kampala, na mwaka 2011 mtaa ule wote, pamoja na mwenzake wa Naguru, ulivunjwa. Hata hivyo mapambo yetu yalikuwa yamepotea zamani, kabla ya matingatinga hayo. Mwezi wa Julai 1976, siku chache baada ya makomando wa Israeli kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe, Wakenya waliokuwa Uganda walianza kuwindwa, kwa sababu serikali ya Idi Amin iliishutumu Kenya kwamba iliwasaidia Waisraeli. Baba alikuwa mtu wa Busia, upande wa Kenya. Tulivuka mpaka usiku tukiwa na mabegi mawili na kichwa cha cherehani ya mama. Chini ya kitanda tuliacha sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na minyororo ya karatasi, kengele za vizibo vya soda, na nyota kubwa ya matete iliyolazwa bapa ikisubiri Desemba.

Nilikuwa na miaka 11. Nilirudi Kampala nikiwa mtu mzima, nikafundisha shule za msingi, nikaolewa, nikastaafu. Miaka sita iliyopita mjukuu wangu wa kwanza aliniuliza, "Jjajja, nyinyi mlipamba na nini?" Nikaanza kumweleza, nikaona maneno hayafiki. Nikasema nitamtengenezea. Nilidhani ni kazi ya majuma mawili.

Ikiwa na wewe umeazimia kufanya kazi kama hii kwenu mwaka huu, na najua wengi wameazimia, basi pokea haya kutoka kwa mtu aliyekosea mara nyingi. Hutalazimika kuyakosea wewe.

1. Usianzie dukani

Mwaka wa kwanza nilianzia Kikuubo. Anayekijua kichochoro kile mwezi wa Desemba anajua nilivyosukumwa. Nilitoka na mfuko umejaa: karatasi za kumetameta, ribini za dhahabu, gundi ya moto pamoja na bastola yake. Jioni nikatengeneza mnyororo mrefu, nikautundika, nikarudi nyuma hatua mbili kuutazama. Ulikuwa mzuri, lakini niliona sebule ya mtu mwingine.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa nilipokosea. Mama hakuwahi kununua pambo hata moja. Mapambo yetu yalianza Krismasi ya 1972, na yalianza kwa sababu dukani hakukuwa na kitu. Mwezi wa Agosti mwaka ule Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, akaiita hiyo Vita vya Uchumi. Ilipofika Desemba maduka yao yalikuwa ama yamefungwa, ama yamegawiwa wale tuliowaita mafuta mingi, na wengi wao rafu zilipoisha hawakujua zinajazwaje tena. Sukari, chumvi na sabuni zikaingia kwenye magendo. Katika hali hiyo nani angethubutu kuuliza karatasi za rangi?

Basi mama aliangalia kilichokuwamo ndani ya nyumba. Kulikuwa na magazeti. Kulikuwa na madaftari ya dada yaliyokwisha kuandikwa, na vipande vya vitambaa vilivyobaki katika kazi yake ya kushona. Baba na rafiki zake walivuta Sportsman, na ndani ya kila paketi mna karatasi nyembamba ya fedha, ambayo ukiilainisha kwa nyuma ya kijiko inang'aa kama kioo. Vizibo vya soda tuliviokota nyuma ya baa, tukavigonga kwa jiwe mpaka vikawa bapa, tukavitoboa kwa msumari na kuvitunga. Upepo ukipita mlangoni vililia.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka kwenda kununua, keti uandike orodha. Usiandike vilivyotundikwa ukutani. Andika vilivyokuwamo nyumbani wakati ule, hata takataka. Kisha jiulize takataka ile leo inapatikana wapi. Hapo ndipo niliposhangaa, kwa maana vitu vingi vya kawaida kabisa vya utoto wangu vimekuwa adimu. Nyumbani kwangu hakuna anayevuta, na magazeti watoto wanayasoma kwenye simu. Jibu nililipata Nasser Road, kwa wachapishaji. Mashine zao za kukata huacha vipande virefu vya pembezoni mwa kalenda na mabango, vimekwisha kuwa na upana wa pete ya mnyororo. Kijana wa mashine alinijazia gunia kwa shilingi 2,000 na akashangaa kwamba nalipa. Kwa kuwa uchaguzi wetu mkuu huwa mwanzoni mwa mwaka, Desemba inayoutangulia gunia hilo hujaa rangi za vyama vyote. Nina mnyororo mmoja ambamo njano, nyekundu, buluu na kijani zimeshikana pete kwa pete, na ndio nitakaouhifadhi kuliko yote.

2. Kumbukumbu yako ni shahidi mmoja tu

Ningeweza kula kiapo kwamba mnyororo wa kwanza wa mama ulikuwa mwekundu na kijani. Niliuona kichwani kila Desemba kwa miaka 40 na zaidi. Nilikata, nikabandika, nikaupiga picha, nikamtumia dada yangu mkubwa aliyeko Busia.

Alinipigia simu papo hapo. "Nyekundu mama angeitoa wapi?" akauliza. "Ule mnyororo ulikuwa wa bluu na kahawia."

Dada alikuwa na miaka 12 wakati ule, mimi 7. Yeye ndiye aliyeshika beseni. Akanikumbusha kwamba buluu ilikuwa bluu ya kufulia, ile inayotiwa kwenye maji ya mwisho ya nguo nyeupe. Nyingine ilitokana na dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda, ile ya chembechembe, pamanganeti. Mama alitumbukiza vipande vya gazeti humo vikatoka zambarau ya kupendeza, akavianika usiku juu ya kamba jikoni, na asubuhi akavikuta vyote vimekuwa kahawia. Dawa ile ndivyo ilivyo: ikikutana na karatasi haikai na rangi yake. Mama alisimama kitambo, kisha akasema, "Haya, Krismasi yetu ni ya rangi ya udongo," akaendelea kukata.

Mimi nilikuwa sikumbuki hata neno moja. Nikanunua dawa hiyo na bluu, nikafanya kama dada alivyoniambia. Vipande vilipotoka zambarau bado sikukumbuka kitu. Lakini asubuhi nilipofungua mlango wa jiko, harufu ya gazeti bichi lililokauka usiku ilinipiga usoni, na mara nikamwona mama na kanga yake ya jikoni, nikaona kamba, nikaona hata msumari ulioishikilia. Ilibidi nikae chini.

Tafuta shahidi wa pili, na ukiweza awe yule aliyefanya kazi wakati wewe ukicheza. Wewe unakumbuka sherehe, na yeye anakumbuka namna ilivyotengenezwa. Ukiitumia dawa ile ya zambarau, vaa glovu. Mimi nilikwenda kanisani Jumapili mbili na vidole vya kahawia.

3. Panya nao husherehekea

Gundi yetu ya Nakawa ilikuwa unga wa mhogo. Nilipojaribu mara ya kwanza niliukoroga kwenye maji ya moto nikaridhika, na mnyororo wa mita nane ukakaa juu ya kabati usiku mmoja. Asubuhi nilikuta pete zimetawanyika na pembe zimetafunwa. Tangu mwanzo nilikuwa nimewaandalia panya chakula cha jioni.

Kuna mambo mawili hapa. Gundi ya mhogo lazima ipikwe, ikorogwe motoni mpaka weupe uondoke na ibaki kama kioo. Ikiwa bado nyeupe, haitashika, itapukutika. Halafu ipakwe kidogo mno, kwa ncha ya kidole. Mimi siku hizi pete nazishona. Tundu mbili za sindano, fundo moja, basi. Inachukua muda mara tatu, lakini mnyororo niliokwisha kuushona miaka minne iliyopita bado mzima. Na nilipomweleza dada, alisema mama naye alihamia kwenye uzi mwaka wa pili, kwa sababu hiyohiyo. Nilikuwa nimerudia kosa lake bila kujua.

4. Kila kitu kina maana kabla hujakigusa

Mwaka wa tatu nilipata ujasiri wa kuongeza jambo langu mwenyewe. Niliona si vibaya kutumia lubugo, kile kitambaa cha magome ya mutuba chenye rangi ya udongo mwekundu, kwa kuwa kilifanana na rangi za mnyororo wetu. Ni kitu cha fahari. Gome la ndani huvuliwa wakati wa mvua, na shina lililobaki wazi hufungwa majani ya mgomba ili lipone na kutoa gome jingine. Kisha gome hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji ya ukubwa mbalimbali, kutoka minene hadi myembamba, mpaka linyumbuke na kutanuka. Kazi hii ni ya mafundi wa Kiganda, hasa wa ukoo wa Ngonge, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa miongoni mwa hazina za utamaduni wa binadamu. Nilinunua vipande viwili kwenye kijiji cha sanaa nyuma ya National Theatre, nikavikata utepe mrefu, nikautandaza juu ya mlango wa mbele kwa mafundo mazuri.

Siku ya pili jirani yangu mzee, bibi wa miaka zaidi ya 80, alipita. Akasimama langoni. Hakuingia. Akavua viatu, akapiga magoti barabarani, akauliza kwa sauti ndogo, "Nnyabo, mmefiwa na nani?"

Nilifundisha watoto wa nchi hii zaidi ya miaka 30. Nilijua vizuri kwamba Baganda huwazika wapendwa wao ndani ya lubugo. Nilijua pia kwamba ni vazi la kumtawaza Kabaka, mfalme wao. Nilijua, lakini nilipokuwa nikikata nilifikiria rangi tu. Nilimkimbilia, nikamwinua, nikamwomba radhi. Alinisamehe mara moja, akaingia, akanywa chai. Lakini aliendelea kuutazama ule mlango, na mimi niliona kwamba hawezi kuketi kwa raha chini yake. Niliushusha akiwapo.

Alinifundisha kitu kingine siku ileile. "Kama unataka cha mgomba au cha mti," alisema, "chukua byayi." Byayi ni maganda makavu ya shina la mgomba, yale wanayotengenezea mipira watoto wa kijijini na kufungia mizigo wakulima. Hayo hayana kilio ndani yake. Alinionyesha kuyanyunyizia maji kidogo na kuyafunga kwenye kitambaa kwa muda, kwa maana yakiwa makavu hukatika mkononi na yakiwa maji sana huota ukungu. Aliisuka nyota ndogo mbele yangu bila kuangalia vidole vyake. Ninayo.

Mwenye nyumba anaweza kutundika anachopenda. Lakini pambo la mlangoni linasomwa na wapita njia, na kila mmoja analisoma kwa lugha ya kwao. Muulize mzee wa mahali hapo kabla hujagusa mkasi. Ni swali la dakika moja, na mimi kwa kutoliuliza nilimfanya bibi wa watu apige magoti barabarani.

5. Kitu cha kwenu kina mikono ya wengine

Nyota ndiyo iliyonitesa. Yote mengine ningeweza kuishi bila hayo, lakini Krismasi bila nyota ile kwangu haikuwa Krismasi. Ilikuwa na ncha tano na upana karibu sawa na mikono ya mtoto iliyonyooshwa. Ilikuwa ya matete yaliyofunikwa karatasi nyembamba. Ndani yake baba aliweka tochi, na taa za nyumba zikizimwa ilining'inia barazani kama kitu kilichoshuka chenyewe.

Nilinunua fungu la matete sokoni, yale yanayoitwa muli, ya kujengea ua na dari. Nilifunga vijiti vitano, nikapata nyota. Lakini ilikuwa bapa kama mchoro wa daftari, na tochi haikuwa na mahali pa kukaa. Nikakumbuka kwamba ya mama ilikuwa na tumbo mbele na nyuma. Nikajaribu kuvikunja vijiti: vikavunjika. Nikajenga sanduku katikati: ikafanana na mzinga wa nyuki. Mwaka wa kwanza nilishindwa, na mwaka wa pili pia. Juu ya hayo matete niliyofunga yakiwa mabichi yalisinyaa ndani ya wiki moja, na mafundo yote yakalegea.

Msaada ulitoka nisikotazamia. Binti yangu anafanya kazi Dubai. Desemba ya mwaka wa pili alinitumia picha ya jengo karibu na anapokaa, na kwenye vibaraza vya ghorofa tatu zilining'inia nyota za karatasi, zenye ncha tano, zenye tumbo, zenye taa ndani. Chini yake aliandika: "Mama, mbona nyota ya bibi iko huku?"

Waliokuwa wakikaa mle walikuwa Wagoa. Huko Goa, nyumba ya Mkristo mwezi wa Desemba hutundikwa nyota ya namna hiyo, ya fito za mianzi na karatasi. Nilimpigia dada. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kucheka na kulia pamoja. "Ya fundi!" akasema. "Ilikuwa ya fundi!"

Mama alikuwa akishonea nyumbani kazi za fundi Mgoa mwenye duka mjini. Wagoa walikuwa mafundi cherehani mashuhuri Kampala; hata gomesi, vazi ambalo leo wanawake wa Kiganda hulivaa kwenye harusi, lina jina la Mgoa, Caetano Gomes, mshonaji wa mwanzoni mwa karne ya 20. Kila Jumamosi mama alipeleka kazi na kuchukua vitambaa vipya, na dada alimsindikiza. Desemba, juu ya mlango wa duka, ilining'inia nyota. Mwaka 1972 fundi yule aliondoka na jamii yake ndani ya zile siku 90. Duka likafungwa. Desemba ile mama aliketi jikoni akaitengeneza nyota kwa kukumbuka tu, kwa matete badala ya mianzi. Hakutuambia chochote. Sisi wadogo tukakua tukijua kwamba ni nyota yetu.

Niliposikia hayo nilihuzunika kwanza, kana kwamba nimenyang'anywa kitu. Hali hiyo ilidumu siku moja. Baadaye niliona kwamba nyota ile imekuwa kubwa zaidi. Mama hakuwa na anwani ya fundi wala njia ya kumuaga, na mume wake mwenyewe alikuwa mgeni katika nchi hii. Alichoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba nyota ya yule mtu inawaka tena mahali fulani Kampala.

Binti yangu alimwomba mfanyakazi mwenzake Mgoa amchoree. Sasa nakupa siri yenyewe, uepuke miaka yangu miwili. Nyota si moja, ni mbili. Unahitaji vijiti kumi virefu vinavyolingana sawasawa. Vitano vinafunga nyota ya mbele, vitano ya nyuma. Unazilaza moja juu ya nyingine na kufunga ncha zote tano pamoja, kwa nguvu. Halafu unachukua vijiti vitano vifupi, urefu wa kiganja, unavisimamisha katikati ya zile nyota mbili, mahali pale vijiti virefu vinapokatizana kuzunguka kitovu. Mara nyota inavimba, inapata tumbo, na matete yenyewe yanajishikilia kwa kuvutana. Vijiti vifupi visipolingana, nyota itapinda shingo. Ukivitoa Januari, nyota inalala bapa na kuingia chini ya kitanda. Ndiyo maana ya kwetu ilienea ndani ya sanduku la bati! Kwa miaka yote hiyo nilikumbuka kwamba ililala bapa na sikujiuliza imewezaje.

Kata matete mapema Novemba na uyaache kivulini yakauke kabisa ndipo uyafunge. Na ukimaliza, waambie watoto ni ya nani.

6. Usiirekebishe kazi ya mtoto usiku

Hili bado linanichoma. Mwaka wa nne nilikuwa nimefaulu. Nyota ilikuwa kamili, kama ya mama, ncha kwa ncha. Nilimpa mjukuu wangu wa pili, aliyekuwa na miaka mitano, kazi ya kubandika karatasi upande mmoja. Alibandika kwa moyo wake wote. Karatasi ilikunjamana, gundi ilichuruzika, na katikati alishindilia pamba nyingi kutoka kabati la dawa, kwa sababu kwenye runinga aliona kwamba Krismasi ina theluji. Theluji ya nchi hii iko juu ya Ruwenzori tu, na nyota ya mama haikuwa na theluji.

Alipolala niliibandua karatasi yake. Nikaweka mpya, nikaipiga pasi kwa kiganja, nikatupa pamba. Niliona namtendea wema, asubuhi aamke akute imependeza.

Aliamka, akaitazama, akaenda mpaka kwenye pipa la taka. Akatoa pamba yake, akaipangusa majivu, akaiweka mfukoni. Hakulia, wala hakuniuliza kitu. Mwaka ule hakunisaidia tena kazi yoyote, na nilipomwita alisema, "Wewe unajua, Jjajja."

Nilikuwa mwalimu! Ningemwona mwalimu mwenzangu akimfutia mtoto kazi yake na kuandika nyingine, ningemwita pembeni. Lakini nilikuwa nimeshikwa na tamaa ya kuirudisha nyumba ya Nakawa kama ilivyokuwa, na mtoto huyu wa leo akawa kama vumbi lililoangukia picha. Hakuna aliyenirekebishia mimi zile kengele za vizibo. Najua kwa hakika zilikuwa mbovu, maana nilikuwa na miaka saba na nyundo yangu ilikuwa jiwe.

Tenga, kama ni lazima, pambo moja la kwako, ulitengeneze peke yako kwa usahihi wote unaoutaka. Mengine yote yaache mikononi mwa watoto na uyatundike vile yalivyotoka, mahali panapoonekana. Nyota yangu sasa ina upande wa mbele na upande wa nyuma, na wa pamba ndio unaotazama barabarani.

7. Uliza kwa nini, hata ukiogopa jibu

Kuna jambo moja ambalo sikulitengeneza upya kwa sababu si kitu cha kushika: tulivyokuwa tukihesabu. Jioni, tukiwa mkekani, mama alituambia tuhesabu pete za mnyororo kwa sauti, sisi watoto sote, moja, mbili, tatu, mpaka mia na zaidi. Tukikosea tunaanza upya. Katika kumbukumbu yangu hiyo ndiyo furaha yenyewe ya Krismasi. Niliwafundisha wajukuu, nao wakaipenda.

Mwaka jana dada alikuja, akatukuta tunahesabu. Alisimama mlangoni mpaka tulipofika mwisho. Usiku, watoto walipolala, aliniuliza kama ninajua kwa nini mama alituhesabisha. Nikasema, kutufundisha hesabu. Akatikisa kichwa.

Nyumba za Nakawa zilishikana. Ukuta mmoja, jamaa mbili. Krismasi ya 1974 ilipokaribia, baba wa nyumba ya pili hakurudi kutoka kazini. Miaka ile watu walichukuliwa, wakatiwa kwenye buti za magari, na aliyeuliza sana naye alitafutwa. Mke wake hakuweza kuomboleza mchana, majirani wasije wakasikika wakimfariji. Alilia usiku, upande wa pili wa ukuta. Mama alitukusanya mkekani, akatupa karatasi na mkasi, akasema tuhesabu kwa sauti.

"Ili tusimsikie," dada alisema. "Na ili yeye alie bila kuogopa kwamba anasikika."

Ndipo nikakumbuka kwamba mama mwenyewe alikuwa haketi nasi. Siku zote nilimwona akiwa amesimama karibu na ule ukuta, ameuegemea, na mikono nyuma. Nilidhani anapumzisha mgongo.

Nilifikiri sana kama niache kuhesabu. Ningeweza kuiweka hiyo pembeni na kubaki na nyota na mnyororo, vitu visivyo na uchungu. Dada alikataa. Alisema mama alikuwa na njia nyingi za kutunyamazisha, angeweza hata kutulaza mapema. Akachagua kutupa kazi ya mikono, na kazi yenyewe ikawa nzuri. Nadhani dada amesema kweli. Yule mkubwa wa wajukuu, ambaye sasa ana miaka 11 kama mimi nilivyokuwa tulipovuka mpaka, nimemweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza yule mama wa upande wa pili alikuwa anaitwa nani. Sikujua. Dada anajua, na jina hilo nimeliandika nyuma ya kifuniko cha sanduku jipya la bati.

Leo matete kumi marefu na matano mafupi yamesimama barazani kivulini, yanakauka. Wajukuu wanayageuza kila asubuhi kabla ya kwenda shule, bila kuambiwa. Dada anakuja tarehe 20 kwa basi la Busia. Amesema nisinunue uzi. Juu ya kichwa cha ile cherehani, alichokitunza miaka yote, kuna kigurudumu cha uzi mweupe ambacho mama hakukimaliza, nacho anakuja nacho.